Maji Machafu Yanaishia Wapi?



Tulipokwenda Kenani kuonana na wanachama, karatasi yetu ilikuwa na mambo mawili tu: mishahara na saa za ziada. Tulidhani tutamaliza kabla jua halijazama. Mara akainuka mama mmoja anayefanya kazi ya kukausha samaki, akauliza swali ambalo halikuwamo katika karatasi yetu. Alisema: "Ndugu zangu, mshahara tutasema. Lakini choo cha pale kazini kimejaa tangu wakati wa mvua. Mwenye kazi anasema ataleta vibarua wakizoe. Mimi nauliza, wakishazoa watamwaga wapi? Maana sisi tunachota maji bondeni, chini ya hapo hapo."

Watu wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Katika desturi zetu habari ya choo haisemwi mbele ya watu, hata jina lake tunalikwepa na kusema msalani, au "nakwenda nje". Lakini wazee walisema mficha uchi hazai. Siku ile hatukuwa na jibu zuri la kumpa mama yule. Tumeuliza wenye ujuzi, tumekwenda kuona, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa wenzetu walio mbali, Kenani iko katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Jina lake lilisikika sana mwaka 2017. Ndugu zetu waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Kongo, walipokelewa hapo kwa maelfu katika kituo cha muda, na kuanzia mwaka 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Ndiyo maana barabarani pale utasikia Kiswahili pamoja na Kibemba. Watu wanaishi kwa samaki, mihogo na vibarua.

Ziwa lenyewe ni refu, kiasi cha kilomita 131, lakini halina kina. Kwa wastani kina chake ni mita 7 na nusu hivi, na upande wa kusini, Mto Luapula unapoingia, ni kifupi zaidi. Maji hutokea kaskazini, huko Pweto, kwa Mto Luvua, yakaenda kuungana na Lualaba na kuwa Mto Kongo. Sisi tulipovuka mpaka tuliulizwa karatasi. Uchafu hauulizwi karatasi na mtu yeyote. Unaomwagwa Kashikishi unaweza kufika kwa shangazi zetu Pweto bila kupiga mhuri.

Sasa tuanze na shimo, kwa sababu nyumba nyingi za Nchelenge na Kashikishi, na karibu kambi zote za mashamba tunazozijua, hutumia choo cha shimo. Watu wengi hufikiri kwamba kinachoingia shimoni kimepotea. Hakijapotea. Maji yake hunywea ardhini polepole, na tope linabaki. Wenye ujuzi wanakadiria kuwa mtu mmoja huacha kiasi cha lita 40 hadi 60 za tope shimoni kila mwaka, baada ya maji kunywea. Tuchukue lita 50, tupige hesabu ya darasa la sita. Shimo la mita moja kwa mita moja, kina mita tatu, lina lita 3,000. Nusu mita ya juu haifai kujazwa, kwa hiyo zinabaki lita 2,500. Choo hicho kikitumiwa na watu 20, kitajaa kwa miaka miwili na nusu. Hiyo ni nafuu. Lakini kambi ya shamba yenye watu 200 na vyoo vinne ina watu 50 kwa kila choo. Hapo shimo linajaa kwa mwaka mmoja. Na kipimo kinachotumika duniani hata katika kambi za wakimbizi, mambo yakishatulia kidogo, ni watu 20 kwa choo kimoja. Basi tujiulize inakuwaje mkimbizi anahesabiwa 20 na mfanyakazi wa kampuni anahesabiwa 50.

Kuna jambo jingine kuhusu shimo. Sakafu yake inatakiwa iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau, na shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30. Karibu na ziwa ukichimba kidogo tu maji yanatoka. Wakati wa mvua yanapanda zaidi, na choo kilichochimbwa mwezi wa Agosti kikavu, mwezi wa Januari kinaogelea. Hapo kisima na choo vinakuwa vinakunywa bakuli moja. Dawa yake si kuchimba zaidi chini, kama wanavyoamuru baadhi ya wasimamizi. Dawa ni kuinua choo juu, kwa kifusi na ngazi mbili tatu, au kujenga karo lisilovuja ambalo litazolewa kwa wakati wake.

Kwa nini tunapiga kelele? Kwa sababu tunajua kinachofuata. Mwaka 2023 kipindupindu kiliingia Nchelenge. Kisha Oktoba ya mwaka huo huo ukaanza mlipuko mkubwa wa nchi nzima. Hadi ulipotulia mwaka 2024, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua katika Zambia na zaidi ya 700 wamekufa. Shule zilichelewa kufunguliwa Januari 2024. Kijidudu cha kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, kikaingia katika maji, kikaingia kinywani mwa mwingine, na kinaweza kumwangusha mtu kwa saa chache hadi siku tano. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kinachomwua ni kukaukiwa. Apewe maji ya chumvi na sukari mara moja huku akipelekwa kliniki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Tuangalie pia majira. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazae. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua kubwa, na ndiyo ya kipindupindu. Kibarua wa samaki hana kazi, hana akiba, na ndipo mtoto wake anapougua. Kibarua wa shambani akiugua siku tatu, siku tatu hizo hazilipwi. Yule anayesema choo si habari ya chama cha wafanyakazi, na atuambie mshahara wa siku hizo tatu nani anaukata.

Tuingie mtoni sasa. Mto una nguvu ya kujisafisha, lakini nguvu hiyo ina mpaka. Ndani ya maji kuna hewa iliyoyeyuka, oksijeni, na samaki huvuta hiyo. Uchafu ukiingia, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huanza kuula, na vinapokula huvuta hewa ile ile. Uchafu ukiwa kidogo, vijidudu vinamaliza chakula, mto unapumua tena, na kilomita chache mbele maji ni mazuri. Uchafu ukiwa mwingi, vijidudu vinamaliza hewa kabla ya kumaliza uchafu. Ndipo mnaona samaki wanapanda juu wakifungua midomo alfajiri, maji yanageuka meusi na kunuka.

Wataalamu wana kipimo cha jambo hili. Wanahesabu ni miligramu ngapi za oksijeni zitaliwa na uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Sisi tumezoea kukiita kipimo cha njaa ya maji. Maji machafu ya nyumbani huwa na njaa ya 200 hadi 400. Sheria ya Kenya, kwa mfano, inataka yasizidi 30 yanapoingia katika mto. Sasa sikilizeni enyi wa mashamba na viwanda: maji yanayotoka katika kiwanda cha kukamua mawese yana njaa ya kiasi cha 25,000. Hiyo ni zaidi ya mara 60 ya maji machafu ya nyumbani. Hayana sumu, ni mafuta na majani tu, wenye kiwanda watakuambia. Ni kweli. Lakini mto hauulizi kama ni sumu au chakula. Ukilishwa kupita kiasi unakufa kwa shibe. Ndivyo ilivyo pia kwa damu na matumbo ya samaki, maganda ya kahawa, na makapi ya mkonge. Katika jani la mkonge nyuzi ni kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito. Mengine yote ni majimaji na makapi yanayotafuta mahali pa kwenda. Huko Hale, mkoa wa Tanga, mwishoni mwa miaka ya 2000 walijenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme. Tunalitaja hilo ili mwenye kiwanda asiseme kwamba haliwezekani.

Turudi kwenye mji mdogo. Wengi wetu tukisikia "kusafisha maji machafu" tunafikiria mashine kubwa za Ulaya, pampu, umeme na mhandisi mwenye kofia. Miji mikubwa inazo. Lakini njia inayofaa mji kama Nchelenge haina mashine. Ni mabwawa, na kazi inafanywa na jua na subira.

Tumeyaona mabwawa ya namna hiyo, na tunaeleza tulivyoelezwa. Maji hufika kwa bomba au kwa gari. Kwanza hupita katika chujio la nondo, ambapo matambara, plastiki na mikaa hukamatwa, kisha katika mfereji mpana ambapo mchanga hutua. Halafu huingia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita mbili hadi tano. Hili ni giza na halina hewa. Uchafu mzito unazama, na vijidudu visivyotaka hewa vinaula chini kule. Maji yanakaa humo siku chache. Kisha yanaingia bwawa la pili, pana na fupi, kina chake mita moja na nusu hivi. Hili utaliona kijani, na mgeni atasema ni chafu. Kijani kile ndicho mfanyakazi. Ni mwani mdogo mdogo unaokula jua mchana na kutoa oksijeni, na vijidudu vingine vinaipokea oksijeni ile na kumaliza uchafu uliobaki. Maji hukaa hapo wiki mbili, tatu, hata zaidi. Mwisho kuna bwawa moja au mawili ya kina kifupi ambamo jua linapenya hadi chini na kuua vijidudu vya maradhi. Mayai ya minyoo nayo yamekwisha kuzama njiani kwa uzito wake.

Eneo lake ni kubwa kiasi gani? Tuchukue mji wa watu 5,000 wenye bomba, kila mmoja akitoa lita 50 za maji machafu kwa siku. Hizo ni lita 250,000, yaani mita za ujazo 250. Yakikaa siku 20, panahitajika mahali pa mita za ujazo 5,000. Kwa kina cha mita moja na nusu ni eneo la mita za mraba 3,300 na kitu, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Ongeza kingo, njia na uzio, tuseme uwanja mmoja mzima. Diwani akisema hakuna nafasi, mwonyesheni uwanja wa mpira.

Mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, una mabwawa ya namna hii huko Mabogini. Maji yake yameshatumiwa na wakulima wa mpunga wa bondeni. Tanzania vilevile wamejaribu kupitisha maji yanayotoka mabwawani katika mashamba ya matete na mafunjo yaliyopandwa juu ya kokoto, ili mizizi imalizie kazi. Sisi wa Luapula tuna mafunjo ya bure kila bonde. Lakini tahadhari: bonde la asili halikuwekwa pale ili lipokee choo cha mwenye kiwanda. Matete ni ya kumalizia maji yaliyokwisha kusafishwa, na yawe yamepandwa mahali pake.

Jambo linaloua mabwawa haya ni kusahauliwa. Kwa kuwa hayana mashine, mwenye mji anaona hayana haja ya mtu. Basi majani yanaota kingoni, povu linafunika, tope linajaa bwawa la kwanza mpaka maji yanapita juu juu bila kutua hata siku moja. Na hapa Nchelenge kuna hatari zaidi, maana wilaya hii ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi kabisa katika Zambia. Bwawa lenye majani kingoni linazaa mbu. Bwawa lililofyekwa, lenye kingo za saruji au mawe, halizai sana. Kwa hiyo kazi ya kufyeka, kuondoa povu na kusafisha nondo kila siku ni kazi ya kudumu ya watu wawili watatu, wenye barua ya ajira, buti, glavu na sabuni. Tukiona mji unajenga mabwawa bila kuandika nafasi hizo katika bajeti, tujue wanajenga mabwawa ya mbu.

Hata hivyo, kama tulivyosema, watu wetu wengi hawana bomba. Wana shimo. Kwa shimo kinachotakiwa kwanza ni kidogo zaidi: mahali palipotengwa pa kupeleka tope, penye vitanda vya mchanga na kokoto vya kulikaushia na bwawa dogo la kupokea maji yanayochuruzika. Tope likikauka lisipelekwe bustanini mara moja, kwa kuwa mayai ya minyoo ni magumu kufa. Katika nchi za joto kama yetu ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kulihifadhi zaidi ya mwaka mmoja.

Sasa tufike kwa mtu ambaye hasemwi kabisa katika habari hizi: yule anayeshuka shimoni.

Dar es Salaam wanawaita vyura. Hushuka usiku, uchi nusu, na ndoo. Huko pia kuna neno "kutapisha choo", yaani kungoja mvua kubwa, kutoboa shimo pembeni, na kuacha mvua ibebe kila kitu hadi mtaroni na mtoni. Anayelipwa kutapisha ni kibarua, anayelaumiwa ni kibarua, na mwenye nyumba yumo ndani amelala.

Katika shamba moja ambalo hatutalitaja jina, vijana watatu waliitwa kuzoa karo la kambi. Hawakuwa na mkataba, walikuwa wa kutwa. Wa kwanza aliinua mfuniko akashuka na ndoo. Hakumaliza dakika tano akaanguka. Wa pili akaruka kumwokoa ndugu yake, akaanguka juu yake. Wa tatu alikuwa ameshaweka mguu ndani, na aliyemwokoa ni mpishi wa kambi, mama wa watu, aliyemshika mkanda wa suruali akamvuta huku akipiga yowe. Wa pili walimtoa kwa kamba akapona. Wa kwanza tulimzika. Msimamizi aliandika kwamba alikuwa amelewa.

Hakuwa amelewa. Ndani ya karo na mashimo yaliyofunikwa kuna hewa ya sumu inayotoka katika tope linalooza. Ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, ndiyo sababu mtu anasema "harufu imekwisha" wakati harufu haijaisha, ni pua iliyokwisha. Pumzi chache zinatosha kumwangusha. Humo pia kuna gesi inayoshika moto, kwa hiyo sigara na kibatari ni marufuku hapo. Tunaomba wanachama wote walishike neno hili kuliko mengine yote ya ukurasa huu: mtu asishuke ndani ya karo. Lizolewe kutoka juu, kwa pampu, kwa gari la kunyonya majitaka au kwa chombo chenye mpini mrefu. Mfuniko ufunguliwe mapema, hewa ipite, watu wasimame upande upepo unakotoka. Na mwenzako akianguka, usimfuate. Tunajua ni neno gumu. Lakini anayefuata kuokoa ndiye maiti wa pili. Vuteni kwa kamba, piteni yowe, mwiteni mwenye vifaa.

Kazi hii inaweza kufanywa kwa heshima. Katika mtaa wa Kanyama, Lusaka, tangu mwanzo wa miaka ya 2010, shirika la maji la mtaa lilianza kuwatumia wazoaji wenye sare, buti na glavu. Walizoa kwa reki na majembe yenye mipini mirefu, walijaza mapipa ya plastiki ya lita 60 yenye mifuniko, na mteja alilipa kwa idadi ya mapipa. Mapipa yalipelekwa kwenye mtambo na vitanda vya kukaushia. Kanyama haijawa peponi, kipindupindu kimerudi pale zaidi ya mara moja. Lakini pipa lenye mfuniko linajulikana limetoka wapi na limekwenda wapi, na mtu anayelibeba ana jina katika daftari.

Tunajua jibu litakalotolewa na wenye kazi, maana tumelisikia mara nyingi: "Chagueni, kazi au mto. Mkitulazimisha kujenga mabwawa, tutafunga." Ndugu zetu wa Webuye, Kenya, waliishi na neno hilo miaka mingi. Kiwanda cha karatasi cha Pan African kilianza mwaka 1974 kando ya Mto Nzoia. Watu walivumilia harufu na maji yale kwa sababu ya ajira. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa. Kilichokifunga ni madeni, pamoja na deni la umeme. Mto haukuwa na hatia. Wafanyakazi wakabaki bila kazi, na mto hawakurudishiwa jinsi ulivyokuwa. Na hapa Zambia, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulibomoka Chambishi, maji ya asidi kiasi cha lita milioni 50 yakaingia kijito cha Mwambashi na kutoka hapo Mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Wachimbaji na wake zao walipanga foleni ya maji pamoja na watu wengine. Mfanyakazi ndiye anayeishi chini ya bwawa. Mwenye hisa haishi hapo.

Kuhusu sheria, tunayo ya kushikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zambia, Na. 12 ya 2011, inataka anayemwaga maji machafu awe na leseni, na msimamizi wake ni wakala wa mazingira wa taifa, ZEMA. Sheria ya Afya na Usalama Kazini, Na. 36 ya 2010, inataka mahali penye wafanyakazi kumi au zaidi pawe na kamati ya afya na usalama. Wengi wetu tuko mahali pa watu mia na kamati hatujaiona. Na tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeihesabu haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi, sawa na haki ya kujiunga na chama. Kwa hiyo choo na maji machafu viingie katika mkataba wa pamoja, katika kifungu chake chenyewe, visiachwe kwa hisani ya meneja.

Mama wa Kenani tulimrudia. Mwenye kazi alipoulizwa kwa barua akajibu kwa mdomo, kwamba tope "litapelekwa mbali". Tukamwomba aandike mbali ni wapi, na gari ni la nani. Hajaandika bado. Choo kimefungwa kwa mbao, na wamechimba kingine upande wa juu wa kisima kwa hatua zisizofika ishirini. Tumepeleka barua ya pili kwa afisa wa afya wa wilaya.

Mvua huanza Novemba. Makatibu wa matawi ya Nchelenge, Kashikishi na Kenani, na wa mashamba yote, wanaombwa kuleta hesabu zao ofisini kabla ya mwisho wa Septemba: idadi ya watu, idadi ya vyoo, kina cha kila shimo, umbali wake kutoka kisimani kwa hatua, na jina la anayezoa. Chini ya hapo liandikwe jibu la mwenye kazi kwa swali la mama yule, neno kwa neno kama alivyolisema.